Mtoto Asiyejua Zamu

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Tumainieli ni sikio lake la kulia. Ukizungumza naye hugeuza kichwa kidogo na kulielekeza sikio hilo mlimani, kama mtu anayeitwa na jirani wa mbali. Siku niliyofika kuulizia chumba cha kupanga nilidhani hanisikii, nikapaza sauti. Akatabasamu.

"Nakusikia, Madam," akasema. "Nasikiliza na maji."

Hakuwa anatania. Tumainieli ndiye mlinzi wa ndiva ya kijiji. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo ambalo Wapare wa zamani walilichimba ubavuni mwa mlima. Mfereji huyashusha maji kutoka msituni, bwawa hujaa usiku kucha, na kukipambazuka mlinzi hulichomoa gogo lililoviringishiwa majani ya mgomba ambalo huziba tundu la chini. Maji huteremka mashambani kwa zamu: leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kijiji chetu kiko juu ya Makanya. Ukisimama ukingoni utaiona barabara ya lami ikipita kule chini kwenye joto na vumbi, nawe huku juu umevaa sweta katikati ya ukungu. Lakini ukungu si mvua, na wakati wa kiangazi mahindi na maharage ya watu wengi yanaitegemea ile ndiva.

Kwa hiyo Tumainieli ana sheria moja, aliyoirithi kwa marehemu baba yake: ndiva haizibuliwi kabla haijajaa. Ukiizibua ikiwa nusu, maji hutoka bila nguvu, ardhi kavu huyanywa njiani, na shamba la mwisho huambulia tope. Nimeona watu wakija kumbembeleza, hata mjomba wake. Huwasikiliza kwa adabu, huwapa kigoda, kisha huwaambia, "Ngoja ijae." Hata mkulima mmoja aitwaye Fredrick, ambaye shamba lake liko mwisho kabisa wa mfereji na mdomo wake uko mbele kabisa ya watu wote, hukubali kwamba mtu huyu hana upendeleo.

Mimi nilikuja hapa kufundisha kwa kujitolea katika sekondari ya kata baada ya kumaliza chuo, na nikapata chumba katika nyumba yake. Mkewe, Dorkas, ni fundi cherehani. Hushona sare za shule akiwa ameketi barazani. Ng'ambo ya ua kuna nyumba ya mama yake Tumainieli, Bibi Justa, mwanamke mwembamba, mrefu, ambaye hata akikusalimu unahisi umeulizwa swali. Wote ni Walutheri. Tumainieli huimba besi katika kwaya, na Dorkas ndiye anayeshona majoho ya kwaya hiyo. Nilipohamia, Dorkas alikuwa mjamzito, na ilikuwa mimba yao ya kwanza.

Alijifungulia Same mjini, katika msimu wa kiangazi, akarudi mlimani katika kiti cha mbele cha pikapu akiwa amemfunika mtoto blanketi la manjano. Wanawake wa kanisani walimpokea kwa nyimbo. Bibi Justa alisogea mbele, akamchukua mtoto, akamfunua uso.

"Ni wa kike," Dorkas akasema, ingawa kila mtu alishajua.

"Basi ni mimi," Bibi Justa akajibu. "Karibu, somo."

Mtoto wa kwanza wa kike katika ukoo wao huchukua jina la mama wa baba, kwa hiyo hapakuwa na mjadala. Angeitwa Justa. Jina lingetamkwa rasmi siku ya ubatizo, mchungaji atakapokuja katika mtaa wetu wa kanisa, maana ana mitaa kadhaa ya kuhudumia na huja Jumapili moja moja. Hadi siku hiyo bibi alimwita "somo", na majirani wakaanza kumwita Tumainieli Baba Justa.

Ndipo kuchanganyikiwa kulipoanza.

Mtoto alilia. Sijui kwa nini wote tulilichukulia hilo kama jambo la ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alilia akiwa ameshiba, alilia akiwa mkavu, alilia akiogeshwa na akivishwa. Kila mgeni aliyeingia uani alikuwa na jina la tatizo. Mmoja alisema ni chango. Mwingine alisema ni baridi, afunikwe zaidi. Wa tatu alisema ni joto, afunuliwe. Dorkas alimfunika na kumfunua, akamfunika tena. Tumainieli alimpakata na kuliinamisha lile sikio lake la kulia juu ya kile kinywa kidogo kilichopanuka.

"Madam," akaniambia, "mfereji ukibomoka kule juu, mimi nikiwa hapa najua umebomokea wapi. Lakini huyu simwelewi. Analia namna moja kwa mambo yote."

"Labda halii namna moja," nikasema.

"Labda. Lakini mimi nasikia moja."

Alasiri moja Dorkas alikuwa ananyonyesha barazani, cherehani ikiwa imefunikwa kitambaa kando yake. Mtoto alinyonya kidogo, akaachia, akapiga kelele. Akarudishwa, akaachia tena.

"Yamekwisha?" Tumainieli akauliza.

Dorkas alijibonyeza titi. "Naona kama tupu. Asubuhi yalikuwa yamejaa mpaka yanauma."

Tumainieli alifikiri. Nilikuwa nasahihisha madaftari karibu nao, nikamwona anavyofikiri: paji la uso lilikunjamana kama vile anapopanga zamu.

"Unamzibulia mapema," akasema hatimaye.

"Nini?"

"Unampa kabla hayajajaa. Anapata kidogo, hashibi, analia. Unampa tena, kidogo tena. Ni kama kuzibua ndiva ikiwa nusu. Yaache yajae kwanza, halafu umpe mara moja, ashibe, alale."

"Na akilia?"

"Hata Fredrick hulia. Akingoja, anapata maji ya maana."

Dorkas alicheka, nami nikacheka. Ilionekana ni akili nzuri kabisa. Alikuwa anazungumzia jambo ambalo kijiji kizima kilimwamini kwalo, na hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kuwa na mtoto.

Wakaanza kungoja. Mtoto alipolia kabla ya wakati, Tumainieli alimchukua na kuzunguka naye uani akimwimbia nyimbo za kwaya kwa sauti ya besi, mpaka alipochoka akalala. Maziwa yalipojaa, Dorkas alimnyonyesha. Siku za mwanzo tuliona kama imefaulu. Kilio kilipungua. Katika sala ya jioni Tumainieli alimshukuru Mungu kwamba mtoto ameanza kuzoea zamu, nasi tukaitikia amina.

Lakini maziwa nayo yalianza kuchelewa kujaa. Kwa hiyo wakangoja zaidi.

Aliyeona kwanza ni Bibi Justa. Alikuwa amempakata mjukuu wake juani, akamshika paja kwa vidole viwili, kisha akamshika la pili.

"Dorkas," akaita. "Somo yangu anapungua. Mimi nikiwa mwembamba ni uzee. Yeye ana nini?"

"Analala vizuri siku hizi, mama."

"Mtu mwenye njaa pia hulala. Leo nitakamua ng'ombe, tumchanganyie maziwa na maji kidogo."

"Mama, kule Same walituambia asipewe kitu chochote ila maziwa yangu, mpaka afike miezi sita."

"Hao waliokwambia wako Same. Mimi niko hapa, namwona."

Dorkas alianza kulia kimya kimya, machozi yakimdondokea kifuani. Tumainieli alikuwa mlangoni. Alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, kisha akageuza kichwa na kulielekeza sikio mlimani.

"Usisikilize maji wakati nakusemesha!" Bibi Justa akafoka. "Huyu ni mtoto wako!"

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Dorkas aliniomba nimsindikize, nimshikie mwavuli, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Tumainieli alikuja nyuma yetu. Zahanati ya kijiji ina chumba kimoja cha kupimia watoto, na mizani huning'inia kwenye boriti kama mizani ya kupimia kahawa, ila huwa na kijimfuko cha kitambaa chenye matundu ya miguu. Wanaume hubaki nje kwenye benchi, chini ya dirisha.

Nesi anaitwa Shamsa, mwenyeji wa Mwanga, mtu wa maneno machache. Alimtia mtoto katika mfuko, akasoma, akamtoa, akamtia tena. Mshale ulisimama chini ya uzito ulioandikwa kwenye kadi siku alipozaliwa.

"Unamnyonyesha mara ngapi?" akauliza.

"Yakijaa," Dorkas akajibu.

"Yakijaa nini?"

"Maziwa. Nangoja yajae, halafu nampa."

Nesi Shamsa aliketi. "Nani amekufundisha hivyo, mama?"

Dorkas alitazama sakafu. Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakageuza shingo, maana katika kijiji kama chetu swali la "nani amekufundisha" halikosi kuishia kwa mama mkwe. "Hakuna," akasema. "Nilijionea mwenyewe tu."

Mlango ukasukumwa. Tumainieli alisimama pale, kofia mkononi.

"Ni mimi, nesi," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia angoje yajae."

Mama mmoja nyuma akasema, "Yarabi, mlinzi wa ndiva!" na chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Nesi Shamsa hakucheka. Aliwangoja wamalize.

"Baba," akasema, "titi siyo ndiva. Ukiliacha limejaa, mwili unadhani hakuna anayeyataka yale maziwa, unapunguza kutengeneza. Mtoto akivuta mara kwa mara ndipo yanapokuja."

"Hata likiwa tupu?"

"Haliwi tupu."

"Nesi, samahani," Tumainieli akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kuelewa. "Kila kitu kinakuwa tupu."

"Hiki hakiwi. Mpeni kila anapotaka, mchana na usiku, hata kama amenyonya sasa hivi. Akilala sana, mwamsheni. Msimpe maji, msimpe uji, msimpe ya ng'ombe." Alimwonyesha Dorkas jinsi ya kumweka mtoto kifuani, kidevu kikigusa titi na kinywa kikiwa wazi zaidi ya alivyozoea. "Na wewe, baba, nasikia una sikio. Sikiliza anavyomeza. Ukisikia anameza, anapata. Wiki ijayo mrudi. Asipoongezeka nitawaandikia mteremke hospitali Same, tusicheze."

Tulirudi kwa njia ya mfereji, na mfereji haufichi habari. Fredrick alikuwa mahali pake, jembe begani.

"Baba Justa!" akaita kutoka mbali. "Nasikia umemweka mtoto zamu ya mwisho, nyuma yangu! Afadhali mimi! Nilidhani kuniweka mwisho ni chuki binafsi!"

Watu walicheka, na Tumainieli akacheka nao. Kisha akabaki nyuma, nami nikapunguza mwendo.

"Madam," akasema, "wewe umesoma. Inawezekanaje kitu kiongezeke kwa kuchotwa?"

Nilisoma Historia na Kiswahili. Nikamwambia sijui.

"Hata mimi sijui," akasema. "Lakini nitafanya. Nimefanya nilichokijua, umeona matokeo yake."

Siku zilizofuata nyumba ilipoteza mpangilio wote. Dorkas aliketi barazani mtoto akiwa kifuani tangu asubuhi, na kila alipomtoa, alimrudisha. Sare za watu zilikaa bila vifungo. Tumainieli alipika makande yenye chumvi ya kuhifadhia samaki, akafua nepi na kuzianika kwenye uzio mbele ya njia kuu, na wanawake waliokwenda sokoni walisimama kumpongeza kwa maneno ambayo sikuwa na hakika kama ni pongezi. Mara mbili alichelewa kuizibua ndiva, maji yakapita juu ya ukingo, na mjomba wake akaja kuuliza kama mlinzi yupo hai.

Wala mtoto hakuonekana kushukuru. Alilia zaidi kuliko zamani, sasa kwa kuwa alikuwa na nguvu za kulia, au kwa kuwa alikuwa na njaa zaidi. Hatukujua ni lipi. Dorkas alisema maziwa ni yale yale machache. Mumewe aliinamisha sikio kifuani kwake mtoto akinyonya, akashika pumzi, wote tukashika pumzi.

"Unasikia?"

"Nasikia wewe unaniuliza unasikia."

"Tumainieli!"

"Sijui, mke wangu. Kuna kitu. Huenda ni pumzi."

Asubuhi moja Dorkas alikuwa anaoga na mtoto alikuwa kitandani. Tumainieli alirudi kutoka kwenye ndiva akamkuta mama yake ameinama juu ya kitanda, kikombe mkononi, kijiko tayari. Mvuke wa maziwa ya ng'ombe ulikuwa unapanda. Nilikuwa uani nachota maji, mlango ulikuwa wazi.

"Mama," akasema taratibu. "Naomba hicho kikombe."

"Utaninyang'anya?"

"Sikunyang'anyi. Naomba."

"Wewe nilikulea kwa hiki! Maziwa yangu yalikatika mapema, ukakua kwa hiki, na leo unabeba gogo la ndiva peke yako."

"Najua, mama. Ahsante. Lakini huyu nimeshamkosea mara moja kwa kudhani najua. Nisimkosee tena."

Bibi Justa alisimama wima, mrefu kama alivyo. Nilidhani angeondoka kwa hasira. Badala yake alimsukumia mwanawe kikombe kifuani. "Basi kunywa wewe! Jitazame ulivyonyauka."

Akakinywa chote akiwa amesimama, kama mtoto aliyeagizwa, na mama yake akasimama kuhakikisha.

Jioni ya siku hiyo alikuja mwinjilisti wa mtaa wetu, Eliufoo, mtu mpole ambaye hukunja suruali yake ndani ya soksi kwa ajili ya matope hata wakati wa kiangazi. Tulifikiri amekuja kupanga habari za ubatizo, kwa sababu mchungaji alikuwa anatarajiwa Jumapili inayofuata Alhamisi ya kliniki. Alikunywa chai. Aliuliza habari za kwaya. Aligeuza kikombe mkononi mara kadhaa.

"Nimesikia," akasema, "kwamba mtoto ni dhaifu kidogo. Sasa, utaratibu wetu unaruhusu, kama wazazi wanapenda, si lazima, naweza kumbatiza hapa nyumbani. Hata leo. Bila kumngoja mchungaji."

Kila Mlutheri anajua ubatizo wa nyumbani hufanyika lini.

"Kwani mwanangu anakufa?" Dorkas akauliza.

"Hapana, hapana, Mama Justa, sikusema—"

"Ndivyo ulivyosema."

Eliufoo alifadhaika. Aliweka kikombe chini, akakichukua tena. Tumainieli alikuwa amekaa na mikono kati ya magoti. Baadaye aliniambia kwamba hakuna wakati uliomchanganya kama ule. Akikubali, ni kama amesema mtoto haponi. Akikataa na lolote likatokea, ni baba gani Mkristo aliyekataa maji wakati maji yalikuwepo? Yeye, mgawa maji.

"Mwinjilisti," akasema, "nikuulize. Nesi anasema tusingoje yajae, tuchote tu, nayo yataendelea kuja. Sijawahi kuona chombo cha namna hiyo. Nikiamini hilo bila kulielewa, ni imani au ni ujinga?"

Eliufoo alifungua kinywa, lakini aliyejibu ni Bibi Justa, kutoka pembeni alikokuwa anachambua maharage.

"Yule mjane mwenye unga kidogo na chupa ya mafuta," akasema bila kuinua kichwa, "aliambiwa afanye nini?"

"Amwokee nabii mkate kwanza," mwinjilisti akajibu.

"Alingoja chupa ijae?"

Mwinjilisti alifikiri. "Hapana. Alimimina tu."

"Na ilikauka?"

"Haikukauka, bibi."

"Basi." Akachambua maharage mengine matatu manne. "Siku zote nimeisikia habari hiyo na sikuwahi kufikiri ni ya mtu anayenyonyesha. Lakini mtu anayemimina lazima ale. Dorkas, tangu mchana umekula nini? Yale makande ya huyu?" Akainuka, akaenda jikoni kupika mtori, na tangu siku hiyo hakuzungumzia tena maziwa ya ng'ombe, ingawa siwezi kusema kwamba alikubali.

Dorkas alimpandisha mtoto begani. "Mwinjilisti, nakushukuru," akasema. "Tutambatiza kanisani, kengele ikiwa imelia. Nataka alie mpaka mchungaji akosee maneno. Lakini kama Alhamisi mizani ikikataa…" Hakumaliza. Akamtazama mumewe.

"Ikikataa," Tumainieli akasema, "utambatiza kabla hatujapanda gari la Same. Nitakuita."

Eliufoo aliitikia kwa kichwa, akaomba sala fupi, na kwa mara ya kwanza sala haikutaja zamu.

Kati ya siku hiyo na Alhamisi tulimtazama mtoto mpaka macho yakatudanganya. Asubuhi mashavu yalionekana yamejaa. Jioni yalikuwa yale yale. Dorkas alisema nepi zimekuwa nzito zaidi. Bibi Justa alimshika paja kwa vidole vyake viwili, na tulipomuuliza alisema, "Mimi sijui, mimi wa zamani," lakini akamshika tena baada ya muda mfupi. Jumatano, nikiwa napita na ndoo, Tumainieli alinipungia mkono kwa nguvu. Alikuwa amepiga magoti barazani, sikio karibu na mtoto aliyekuwa ananyonya.

"Njoo usikie. Siyo pumzi. Sikiliza hapa, baada ya kuvuta."

Niliinama. Nilisikia upepo katika migomba na mbuzi wa jirani. Na kitu kingine, labda, kidogo sana, kama tone linaloanguka ndani ya mtungi.

"Nadhani nasikia," nikasema.

"Na mimi nadhani," akajibu. Uso wake haukuwa na hakika yoyote, lakini ulikuwa na furaha.

Alhamisi, mambo mawili ambayo sikuwa nimewahi kuyaona yalitokea. Tumainieli alimkabidhi mjomba wake gogo la ndiva, akamwambia aizibue mwenyewe. Na Bibi Justa alivaa gauni lake la kanisani, akafuatana nasi kliniki. Njiani tulimkuta Fredrick. Alifungua mdomo, akamtazama Bibi Justa, akaufunga.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Ulikuwa unataka kusema nini?"

"Nilikuwa nataka kusema Mungu awatangulie."

"Hivyo ndivyo nilivyofikiri."

Foleni ilikuwa ndefu. Dorkas alimnyonyesha mtoto njiani, akamnyonyesha kwenye benchi, na tulipokaribia mlango mtoto akaanza kutafuta tena, naye akamnyonyesha wima, akiwa amesimama kwenye foleni, bila kuuliza kama yamejaa. Hakuna aliyecheka. Safari hii Tumainieli hakubaki chini ya dirisha. Aliingia, akasimama kando ya ukuta kati ya akina mama, kofia mkononi, na Nesi Shamsa alimwona na hakumfukuza.

Nesi alimvua mtoto blanketi la manjano. Akamtia miguu katika matundu ya mfuko, akaufunga, akaining'iniza ndoano kwenye mizani. Mtoto, aliyetolewa kifuani kabla hajaridhika, alijikunja, akakusanya nguvu zake zote, akapiga kelele iliyowafanya watoto wengine wanyamaze. Alirusha mateke. Mfuko ukayumba, na mshale ukapanda na kushuka, ukapita pale uliposimama wiki iliyopita, ukarudi nyuma yake, ukapita tena.

Dorkas alinyoosha mkono kumtuliza.

"Usimguse," Nesi Shamsa akasema, jicho lake likiwa kwenye mshale. "Tusubiri atulie."

Bibi Justa alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. Tumainieli aligeuza kichwa kidogo. Sikio lake la kulia halikuelekea mlimani bali kwenye ule mfuko uliokuwa ukiyumba, na midomo yake ilikuwa ikisogea bila sauti. Mtoto alivuta pumzi. Mshale ulianza kupunguza mwendo.